Siku moja ya fundi piano, Dar es Salaam

Saa 1 asubuhi. Daladala ya kwenda Upanga, mkoba mapajani: ufunguo wa kukazia nyuzi, kabari za mpira, uma wa chuma wa kupimia sauti, unaotetema mara 440 kwa sekunde. Konda ananiuliza kama ni fundi bomba. Nimezoea.

Saa 2:30. Mwalimu wa kwaya ananipokea na lawama. "Fundi, si umeityuni Januari tu?" Namwonyesha mvua dirishani. Ubao wa sauti, ule ulio ndani ya piano chini ya nyuzi, ni mbao nyembamba ya mti wa nchi za baridi; masika ukinyonya unyevu unavimba, unasukuma nyuzi, nyuzi zinakaza na sauti inapanda. Tena haipandi sawasawa, ndiyo maana inakera.

Saa 3. Kazi yenyewe. Noti ya katikati ina nyuzi tatu. Mbili nazibana kwa kabari, wa tatu naulinganisha na uma, halafu nauachia wa pili. Mmoja ukitetema mara 440 kwa sekunde na mwenzake 442, husikii sauti mbili. Unasikia moja inayoyumba, waa-waa, mara mbili kila sekunde: mawimbi yakienda pamoja yanaongezana nguvu, yakipingana yanafutana. Nagusa ufunguo kidogo mno. Waaa... waaaaa... imetulia. Watu husema nina sikio la ajabu. Mimi nahesabu myumbo tu.

Saa 5. Mwalimu kaja na programu ya simu ya kupimia sauti. "Noti hizi za juu umezizidisha." Kweli, nimezizidisha makusudi. Waya wa piano ni mgumu, haupindiki kama uzi wa kushonea, kwa hiyo sauti ndogo za juu zinazolia ndani ya kila noti hupanda kuliko hesabu inavyosema. Ukifuata simu, oktava, yaani noti ileile ya chini na ya juu, zitagombana. Namchezea zote mbili, ya simu na yangu. Anarudisha simu mfukoni.

Saa 7. Wali maharage.

Saa 8:30. Hoteli ya ufukweni, na chumvi imeshakula nyuzi. Nakaza moja ya besi, ile iliyozungushiwa shaba iwe nzito na itetemeke polepole bila kuhitaji piano ndefu kama basi. Paa! Imekatika, imenichana kidole. Mpya lazima iagizwe nje kwa vipimo. Bahati noti ile ina nyuzi mbili.

Saa 12 jioni mpigaji anafika. "Shwari, fundi?"

"Shwari, kaka. Ila hii ya chini uiguse kwa adabu."