Lile neno la Jumanne

Tangu Jumanne mpaka leo Ijumaa usiku, bado liko kichwani. Kwanjula ya mdogo wangu, ile sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, ilienda vizuri kule Bugembe, baba Shamim alicheza mpaka wazee wakasimama, picha nitaweka nikipata bando. Sasa nirudi Jumanne.

Ilikuwa darasani kwangu S2, yaani kidato cha pili hapa Uganda, kipindi cha baada ya posho, ugali wa mchana, nafundisha Kiswahili, tuna ile hadithi ya kima na papa, ya zamani ya Zanzibar, mmisionari Edward Steere aliichapa 1870 na marehemu baba alikuwa akitusimulia kwenye kota za jeshi. Nikawaambia leo hatutafuti funzo, tutafute papa alimwambiaje kima mpaka akapanda mgongoni. Wakazitoa hila zake wenyewe! Papa anaanza na fadhila, umenilisha kuyu siku zote sasa ni zamu yangu, hapo unakataaje. Kima akiogopa maji, hofu inaondolewa palepale, nitakubeba. Na habari ya sultani mgonjwa anayetakiwa kupewa moyo wa kima inafichwa mpaka wako katikati ya bahari. Kima naye akamrudishia, ungeniambia mapema, sisi tukisafiri mioyo tunaiacha mtini, turudi tukauchukue. Uongo mtupu, lakini papa anautaka ule moyo, na mwenye kutaka kitu hakagui sana.

Chaki imejaa mkononi, nina furaha zangu, binti wa dirishani akanyoosha mkono.

"Madam, na wewe siku ya kwanza ulituambia hivyohivyo."

Hivyohivyo vipi?

"Ulisema Kiswahili kitatupa kazi Nairobi, Dar, kila mahali. Ulitubeba mgongoni."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Mimi nikasema tuendelee.

Tuendelee! Nikisonga posho nalisikia, nikiwa kwenye boda nalisikia, ulitubeba mgongoni. Maana ni kweli. Tangu mtaala mpya wa 2020 Kiswahili ni lazima S1, kwa hiyo hawakuwa na pa kukimbilia, lakini niliziona zile nyuso, wengine kwao bado wanaambiwa ni lugha ya askari na wezi, nikataka waipende, nikamwaga matamu yote. Sikusema kwamba mimi na diploma yangu ya Kiswahili nilikaa miaka miwili nauza chapati. Huyo ndiye sultani niliyemficha.

Leo asubuhi nikamwita varanda nikamwambia yote, chapati na miaka miwili. Akasikiliza, anachezea kifungo cha sweta.

"Lakini Madam mimi ningepanda tu. Baba anaendesha lori la Mombasa, akipiga simu yuko na wenzake wanaongea Kiswahili wanacheka, nataka nijue wanacheka nini. Hata kima alikuwa anataka kuona kwa papa."

Miaka yote hii nafundisha papa alisema nini, sijawahi kuuliza kima alikuwa anatamani nini kabla papa hajafungua mdomo! Nilitembea mpaka steji nikiwa mwepesi kabisa. Jumanne naanzia hapo, halafu twende kwa yule punda wa dobi, wa kisa ambacho kima anamsimulia papa mwishoni, aliyeponyoka kwa simba mara ya kwanza na bado akashawishika kurudi, yeye alikuwa anatamani nini.

Mvua imeanza tena. Ule mfenesi wa nyuma umezidi kulalia upande wa bafu, mwenye nyumba hapokei simu, na Shamim analala upande huohuo. Ngoja nikamhamishe.