Usiku wa tarehe 12 Oktoba: Franco, Pavarotti na koki ya mafuta ya John Denver

Nina ugomvi na watu wanaosema kuandaa usiku wa "siku kama ya leo katika muziki" ni kazi ya dakika tano: fungua intaneti, nakili, soma. Ushauri huo nilipewa na jamaa yangu wa Dar, anayejiona profesa wa kila kitu kwa sababu aliwahi kubeba spika za bendi. Ningeufuata kama ulivyo, saa hizi watu wa mtaa wa Mwanga hapa Kigoma wangekuwa wameshanibatiza jina.

Nina kibanda cha kuweka nyimbo kwenye flashi na memori kadi hapa Kigoma mjini, na wikiendi napiga muziki kwenye baa moja ya jirani. Mama mwenye baa alitaka kitu cha kuwashika wateja kabla ya sikukuu ya Nyerere. "Mwanangu, nitafutie jambo, watu wasinyanyuke saa tatu." Nikamwambia tarehe 12 Oktoba. Akauliza kuna nini. Nikamjibu neno moja tu: Franco. Hakuuliza tena.

Alhamisi ya tarehe 12 Oktoba 1989 Franco Luambo Makiadi, gwiji wa rhumba la Kongo, alifariki hospitalini Namur, Ubelgiji, akiwa na miaka 51. Zaire, ndiyo Kongo ya leo, ilitangaza siku nne za maombolezo ya taifa na redio ikawa inapiga nyimbo zake kutwa kucha. Sasa wewe fikiria mji kama Kigoma, ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na wazee waliolelewa na redio za huko. Nguzo ya shughuli nilikuwa nayo. Kilichobaki kilikuwa kuijazia: nani mwingine duniani alizaliwa, alikufa au alifanya jambo siku hiyo.

Hapo ndipo profesa wa Dar akanitumia orodha. Juu imeandikwa 12/10, chini majina kibao, yote ya Wazungu na Wamarekani weusi. Franco hayumo. Nikasema sawa, hawa wenzetu huwa hawatuoni, hilo si jipya. Ila jina lililoongoza lilikuwa Otis Redding, mwimbaji wa soul wa Marekani, kwamba alikufa siku hiyo mwaka 1967 kwa ajali ya ndege.

Mimi Otis namjua. Nikaanza kujisomea habari ya ajali yenyewe, kwa utamu tu. Ndege yake ndogo ilikuwa inakwenda Madison, jimbo la Wisconsin, ikatumbukia Ziwa Monona. Alikuwa na miaka 26. Siku chache kabla alikuwa studio akirekodi ule wimbo wa mtu aliyekaa gatini anatazama meli zinaingia na kutoka, wimbo ambao ungeweza kudhani kautungia bandari ya Kigoma. Vijana wa bendi ya Bar-Kays waliokuwa naye ndani ya ndege walikufa, akapona mpiga tarumbeta mmoja, Ben Cauley, aliyeng'ang'ania mto wa kiti. Wenzake aliwasikia wakiomba msaada, baridi ikawamaliza. Maji yalikuwa ya barafu.

Maji ya barafu. Nikarudia kusoma. Barafu ziwani, Oktoba mwanzoni? Mtu wa ziwa akisoma habari ya kuzama, kitu cha kwanza anachouliza ni hali ya maji. Wisconsin ni kweli kuna baridi, lakini huo mwezi bado wanavuna mahindi. Nikatafuta tarehe kamili, nikaikuta: 10 Desemba 1967. Ndipo akili ikafunguka. Wamarekani huanza na mwezi, halafu siku! Ile 12/10 ya profesa ni kumi Desemba, siku moja baada ya Uhuru wetu. Orodha nzima ilikuwa ya siku nyingine, na mimi nilitakiwa nikasimame na kipaza sauti mbele ya walimu wastaafu na makarani wa bandari niwasomee.

Nikampigia. "Braza, hii orodha ni ya Desemba." Akacheka. "Kwani huko Kigoma nani atajua?" Nilikata simu, na nilikuwa na salio.

Basi nikaanza upya mwenyewe, bando likaniendea kama elfu kumi na kitu hivi, sikuhesabu. Kila tarehe niliyopata niliipitisha kwenye kalenda ya simu: unairudisha nyuma mpaka mwaka husika unaona ilikuwa siku gani. Habari ikisema "Jumapili" na kalenda ikasema Jumatano, hiyo habari unaitupa au unaichimba zaidi. Kifo cha John Denver, yule Mmarekani wa "Country Roads", kilipita vizuri kabisa: Jumapili, 12 Oktoba 1997. Jingine, ukikuta mtu "alitoa wimbo" siku fulani, uliza kama ni siku ya kurekodi au ya kuuza, maana hizo mbili huchanganywa kila mara. Vifo na vizazi vina usumbufu mdogo.

Mavuno yalikuwa mazuri. Luciano Pavarotti, mwimbaji wa opera, alizaliwa 12 Oktoba 1935, Modena, Italia. Siku hiyo hiyo, mwaka huo huo, Miami, Marekani, alizaliwa Sam Moore, ile sauti ya juu ya Sam & Dave, wenye "Soul Man" ya 1967. Mwaka 1971, tarehe hiyo, Gene Vincent wa roki ya zamani alifariki California akiwa na miaka 36 tu, na New York wakazindua Broadway mchezo wa nyimbo wa Jesus Christ Superstar. Huo wa Superstar niliuacha kwa makusudi. Baa ina wateja wa dini zote, na wakishalewa ndio wanakuwa mashehe na mapadri.

Jumapili iliyotangulia nikajaribu kwa watu wachache. Nilijipanga kwa mwaka, kama mwalimu wa historia: 1935 kwanza, kwa hiyo Pavarotti kwanza. Nikasoma maelezo yangu, nikamwachia mtu wa opera spika zote mbili. Jamani. Sauti ile ilipopanda, mbwa wa jirani akaitikia. Kijana mmoja akauliza kama kuna msiba. Mzee mmoja akabeba chupa na kiti chake akahamia nje, na nje kulikuwa na manyunyu. Mhudumu akaja kaunta akaninong'oneza, "Kaka, mama anauliza spika zimeharibika?" Nikapunguza sauti, nikasoma habari ya Sam Moore, hakuna aliyegeuka. Nilikuwa nasoma peke yangu, kama tangazo la basi lililokwishaondoka.

Dawa niliipata usiku huo huo, na hii sijaona popote mtu akiifundisha. Rhumba la Franco lina sehemu mbili: mwanzo wa taratibu, watu wanaimba na kusimulia, halafu sebene, magitaa yanapochachamaa. "Mario" ya 1985, ile ya kijana msomi anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri, inavuka dakika kumi. Hadithi isimulie kwenye ule mwanzo, sauti ya muziki ikiwa chini, na uhakikishe sentensi yako ya mwisho inaishia pale gitaa linapoanza kubadilika. Hapo unapandisha sauti, unanyamaza. DJ anayeongea juu ya sebene anastahili chochote atakachorushiwa. Mimi nilikaa kibandani na saa ya simu, nikawa napima kila wimbo sebene linaingia dakika ya ngapi, naandika kwenye boksi la flashi.

Siku yenyewe sikuanza na 1935. Nilianza na Franco, mtoto aliyezaliwa Sona Bata 1938, mama yake akiuza mikate sokoni Leopoldville, na 1956 akiwa na miaka 17 yumo kwenye kundi lililoanzisha OK Jazz. Hapo hapo mzee mmoja mstaafu wa reli akanyanyua mkono. "Kijana, Franco kafia Kinshasa. Nilisikia vilio redioni kwa masikio yangu." Shikamoo mzee, nikamwambia, amefia Ubelgiji. Akaweka kreti la bia mezani kwa maneno. Nikalikubali. Fundi cherehani mmoja, mtu wa Uvira kule Kongo, akasimama taratibu akasema, "Papa, maiti ilirudishwa na ndege. Hivyo vilio ulivyosikia ni vya mapokezi na maziko." Mzee akakaa kimya, kisha akasema kreti litakuja mwisho wa mwezi. Nalisubiri.

Pavarotti nikamwingizia mlango wa jikoni. Nikasema: huyu wa Kongo mama yake aliuza mikate, kuna mwingine, wa Italia, baba yake alikuwa muoka mikate na alikuwa na sauti nzuri, na mtoto akarithi sauti. Mama wa chapati pale mlangoni akaacha kusukuma. Nikaongeza: ndiye aliyeimba Roma na wenzake wawili, Julai 7, 1990, usiku wa kuamkia fainali ya Kombe la Dunia. "Mwaka wa Roger Milla!" mtu akapiga kelele. Kuanzia hapo nikaruhusiwa kumpiga Pavarotti dakika moja nzima bila mbwa wala manyunyu.

Lakini kilichoshika watu kuliko vyote, sikukitarajia, ni John Denver. Alikuwa anaendesha mwenyewe kandege kadogo alikokanunua karibuni, kakaanguka ghuba ya Monterey, California, akiwa na miaka 53. Koki ya kubadilisha tangi la mafuta, yule mtu aliyekaunda alikuwa ameiweka nyuma ya bega la kushoto la rubani, badala ya mbele. Mafuta yalikuwa kidogo, na kabla ya kuruka alikataa kuongezewa. Wachunguzi walisema alipogeuka kuitafuta ile koki, ndege ikamshinda. Kwenye meza ya pembeni kulikuwa na fundi wa injini za boti za Kibirizi. Akasimama, akageuza mwili wake kushoto, mkono nyuma ya bega, na mguu wa kulia ukanyooka wenyewe mbele. "Mnaona? Ukigeuka hivi, mguu unakanyaga!" Wachunguzi nao walilitaja jambo hilo hilo, kwamba huenda alikanyaga pedali bila kukusudia. Watu wakaanza kugeukageuka kwenye viti kujaribu. Nikaweka "Country Roads" na nusu ya baa ikaimba Kiingereza cha kila mtu na shule yake.

Umeme ulikatika mara moja, jenereta likawaka, tukaendelea. Hakuna aliyenyanyuka saa tatu. Malipo yangu yalikuwa ya kawaida pamoja na migebuka wa kuchoma, ila mama mwenye baa sasa ananiita mwalimu.

Mwaka huu ameomba tarehe nyingine, nikampa Novemba 29: Ali Kiba kazaliwa siku hiyo 1986, George Harrison wa Beatles kafariki siku hiyo 2001, na 1963 Beatles wenyewe walitoa "I Want to Hold Your Hand" kule Uingereza. Tangazo halijakauka gundi ukutani, vijana wa Diamond wakaja kibandani kulalamika kwamba wao mbona wamerukwa, jamaa kazaliwa Oktoba 2, 1989, siku kumi kabla ya Franco kufa, na damu yake ni ya Kigoma hii hii. Mama kasema hana ubaya, na wao watafanyiwa usiku wao, kiingilio mara mbili.