Nilivyozishika taratibu za ndege ya mizigo kabla ya simuleta (mashine ya kuigiza urukaji)

Kwenye mafunzo ya marubani wapya, kilichonikwamisha kilikuwa mpangilio wa mikono injini moja ikizimika wakati wa kuruka. Kitabu peke yake hakikutosha. Nyumbani Chumbageni, Tanga, nikabandika ukutani picha ya chumba cha marubani yenye ukubwa halisi, nikaketi mbele yake. Mdogo wangu akawa rubani mwenzangu.

"V1!" anaita, yaani kasi ya kuamua kusimama au kuruka imefikiwa. Hapo mkono unaachia vishikio vya nguvu za injini, kwani kasi ambayo bado ungeweza kusimama salama imepita. Ndege lazima iruke. Pedali ya mguu inainyoosha isiende upande, magurudumu yanapandishwa ikishaanza kupaa, na hatua za dharura zinasubiri angalau futi 400.

Nadhani kutamka kwa sauti kulinisaidia kuliko picha yenyewe. Kwenye simuleta mikono ilijua njia, nikafaulu.