Georgia 1946: Kura Ziliibwa Kabla ya Magavana Watatu

Kila ninapozungumza na walimu wenzangu hapa Iringa kuhusu uchaguzi wa gavana uliofanyika mwaka 1946 katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, wanachoondoka nacho ni habari ya magavana watatu waliodai kiti kimoja kwa wakati mmoja, wakabadilishiana kufuli za ofisi na kunyang'anyana mhuri wa serikali. Siwalaumu, kwa kuwa kisa chenyewe kinasisimua na kilitokea kweli. Hata hivyo, baada ya kuusoma uchaguzi ule kwa muda mrefu, nimeshawishika kwamba dhuluma yake kubwa haikufanyika Januari 1947 katika ofisi ya gavana. Ilifanyika Julai 1946, mchana kweupe, katika kura za maoni za chama, na sehemu kubwa yake ilifanyika kwa utaratibu ambao sheria ya jimbo iliuruhusu.

Msomaji wa Tanzania akumbuke kwamba gavana wa jimbo la Marekani hafanani na Mkuu wa Mkoa wetu, ambaye huteuliwa na Rais. Gavana huchaguliwa na wananchi wa jimbo lake, husaini sheria za bunge la jimbo, na wakati ule huko Georgia hakuruhusiwa kuwania kipindi cha pili mfululizo. Kwa sababu hiyo Ellis Arnall, gavana aliyekuwa madarakani, alilazimika kuondoka. Arnall alikuwa mwanamageuzi kwa vipimo vya mahali pale: mwaka 1943 Georgia ilishusha umri wa kupiga kura hadi miaka 18, jambo ambalo hakuna jimbo lingine lilikuwa limelifanya, na mwaka 1945 ikafuta kodi ya kichwa iliyokuwa sharti la kupiga kura na iliyowazuia maskini wengi, weusi kwa weupe.

Chama cha Republican hakikuwa na nguvu Georgia hata kidogo, kwa hiyo aliyeshinda kura za maoni za chama cha Democratic alikuwa ameshakuwa gavana, na uchaguzi wa Novemba ulibaki kuwa wa kukamilisha taratibu tu. Waliochuana mwaka ule ni Eugene Talmadge, aliyekwisha kuwa gavana hapo awali na aliyenadi siasa za ubaguzi bila kificho, James Carmichael, aliyewahi kuongoza kiwanda cha ndege za kivita mjini Marietta na aliyeungwa mkono na Arnall, na E. D. Rivers, naye gavana wa zamani. Kura zilipigwa tarehe 17 Julai. Carmichael alipata kura 313,389, Talmadge akapata 297,245, na Rivers 69,489. Aliyetangazwa mshindi ni Talmadge.

Hapo ndipo ninapoomba msomaji asipite haraka. Georgia haikuhesabu kura za watu, bali ilihesabu pointi za kaunti, yaani wilaya za jimbo. Kwa sheria ya mwaka 1917, kaunti 8 zenye watu wengi zaidi zilipewa pointi 6 kila moja, kaunti 30 zilizofuata zikapewa pointi 4, na kaunti 121 zilizobaki zikapewa pointi 2 kila moja. Jumla ni pointi 410, na aliyeongoza katika kaunti alizichukua pointi zake zote, hata kama alimzidi mwenzake kwa kura moja. Talmadge alikusanya pointi 242, Carmichael 146 na Rivers 22. Kaunti ya Fulton, lilipo jiji la Atlanta, ilikuwa na pointi 6 tu, sawa na kaunti 3 ndogo za mashambani zikijumlishwa. Kwa sensa ya mwaka 1960 Fulton ilikuwa na wakazi 556,326, na Echols, kaunti ndogo kuliko zote, ilikuwa na wakazi 1,876 na pointi 2. Ukigawanya, utaona kwamba mkazi mmoja wa Echols alikuwa na uzito wa wakazi 99 wa Atlanta. Ni kama kuambiwa kwamba Manispaa ya Iringa nzima, kuanzia Kihesa hadi Mlandege, itahesabiwa sawa na vijiji vitatu vya Kilolo, na kwamba utaratibu huo umewekwa ili kuwalinda wanakijiji.

Kuna mwaka Talmadge alijigamba kwamba hakuhitaji kura za mahali penye reli za tramu, yaani mijini. Sioni katika kauli hiyo mapenzi kwa mkulima. Naona hesabu ya mtu aliyejua vizuri mahali kura zilipokuwa na bei rahisi: katika kaunti ndogo, ambako familia chache zenye ardhi, ofisi ya sherifu (mkuu wa polisi wa kaunti) na msimamizi wa uchaguzi vilikuwa mikononi mwa watu waliofahamiana, kugeuza kura mia mbili kulileta faida kuliko kushawishi wapiga kura elfu ishirini mjini.

Uchaguzi wa mwaka 1946 ulikuwa pia wa kwanza, kwa karibu nusu karne, ambapo Wamarekani weusi wa Georgia waliruhusiwa kwa wingi kushiriki kura za maoni za Democratic. Chama kilikuwa kimezifanya kuwa za watu weupe peke yao, mpaka Primus King, kinyozi na mhubiri wa mjini Columbus, alipofukuzwa kituoni mwaka 1944, akaenda mahakamani na kushinda. Zaidi ya watu weusi laki moja walijiandikisha. Kambi ya Talmadge ilijibu kwa kusambaza fomu za pingamizi zilizochapishwa tayari, na katika kaunti nyingi maelfu ya majina yakafutwa kwenye madaftari kwa sababu zisizo na kichwa wala miguu.

Kwa waliobaki, kulikuwa na bunduki. Maceo Snipes, askari aliyerudi kutoka Vita Kuu ya Pili, alipiga kura yake katika kaunti ya Taylor tarehe 17 Julai. Siku iliyofuata wazungu walimfuata nyumbani wakampiga risasi, naye akafariki siku mbili baadaye. Tarehe 25 Julai, kwenye daraja la Moore's Ford, kundi la watu lilizuia gari na kuwaua kwa risasi watu weusi wanne, wanaume wawili na wake zao. Mmoja wao, George Dorsey, alikuwa naye ametoka jeshini. Hakuna aliyewahi kutiwa hatiani kwa mauaji hayo ya darajani. Ninapomsikia mtu akisimulia Georgia ya mwaka 1946 kama kichekesho cha kufuli na viti, majina haya ndiyo yanayonijia.

Sisi tulikuwa wapi wakati huo? Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na hakuna mtu aliyepiga kura ya kumchagua mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Wajumbe wa kwanza Waafrika, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliteuliwa na gavana mwaka 1945. Kura ilipofika huku Nyanda za Juu Kusini, Septemba 1958, katika awamu ya kwanza ya uchaguzi wa kura tatu, ilikuja na mizani yake. Mpiga kura alitakiwa awe na elimu ya kiwango fulani, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa uliotambuliwa, na alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, ingawa Waafrika ndio waliokuwa karibu watu wote wa nchi hii. Mkulima wa mahindi wa Ismani asiye na cheti wala mshahara hakuwa na kura hata moja. Mwalimu Nyerere aliwashawishi wanachama wa TANU pale Tabora washiriki hivyohivyo ili waushinde mfumo kutokea ndani, nao wakaushinda. Watu weusi wa Georgia hawakuwa na njia hiyo, kwa sababu wao hawakuwa wengi wa kutosha, na pointi za kaunti zilipangwa wasiweze kuungana na wazungu wa mijini wakashinda.

Eugene Talmadge alithibitishwa gavana mteule tarehe 5 Novemba bila mpinzani kwenye karatasi ya kura. Alikuwa mgonjwa, na wapambe wake walilijua hilo. Kwa siri walihimiza watu wachache waandike kwa mkono jina la mwanawe, Herman, kwenye karatasi za kura, kwa kuwa katiba ilikuwa na kifungu kilichosema kwamba pasipokuwa na mtu aliyepata wingi wa kura, Bunge la jimbo lichague kati ya wawili wanaoongoza walio hai. Talmadge alifariki tarehe 21 Desemba kabla ya kuapishwa. Katiba mpya ya mwaka 1945 ilikuwa imeanzisha cheo cha makamu wa gavana, na Melvin Thompson alikuwa amechaguliwa kukishika, lakini haikueleza wazi nini kifanyike gavana mteule akifariki kabla ya kiapo.

Bunge lilipohesabu kura za majina ya mkono, Carmichael alikuwa na 669 na Herman Talmadge 617, na kati yao alikuwapo mtu wa tatu, hivyo Herman hakuwamo katika wawili wa juu. Ndipo zikaonekana kura nyingine kutoka Telfair, kaunti ya nyumbani kwa akina Talmadge, naye akafikisha 675. Mwandishi wa gazeti la Atlanta Journal, George Goodwin, alikwenda Telfair kuzichunguza. Katika kituo cha Helena alikuta orodha ambamo watu 34 walikuwa wamepiga kura kwa kufuatana kialfabeti, na miongoni mwa waliodaiwa kupiga kura walikuwamo marehemu na watu waliokwisha kuhama. Habari yake ya Machi 1947 ilimpatia Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, mwaka uliofuata.

Nimewahi kusimamia vituo vya kupigia kura wilayani Kilolo, na kipande hicho cha alfabeti kinanitosha kama ushahidi. Kituo kikifunguliwa saa moja asubuhi, foleni haijui herufi. Anatangulia bibi mmoja mwenye fimbo ambaye wote wamempisha, anafuata Kikoti, halafu Sanga na mkewe, kisha Chaula mwenye mtoto mgongoni, halafu vijana watatu wanaowahi kupasua mbao, na baada yao Mgaya ambaye amesahau kadi na kurudishwa nyumbani. Karani anafunua daftari mbele na nyuma, nyuma na mbele, mpaka kurasa zinalegea. Orodha ya waliopiga kura inayotiririka kutoka herufi A kwenda mbele imeandikwa na mtu mmoja aliyekaa peke yake mezani.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Januari 1947 Bunge lilimchagua Herman Talmadge kwa kura 161 dhidi ya 87. Watu wake wakavamia ofisi, na Arnall akakataa kuondoka kwa hoja kwamba gavana hubaki kazini mpaka mrithi halali apatikane. Kufikia tarehe 16 Januari kufuli zilikuwa zimebadilishwa, na Arnall akaweka meza yake katika ukumbi wa kati wa jengo la Bunge. Thompson naye, baada ya kuapishwa makamu, akadai kiti, na Arnall akajiuzulu tarehe 18 Januari ili kumpisha. Katibu wa jimbo, Ben Fortson, ambaye alitumia kiti cha magurudumu, aliuficha mhuri wa jimbo na kuukalia, chini ya mto wa kiti chake, ili asiwepo wa kuutumia kabla mahakama haijasema. Namheshimu sana mtumishi huyo. Hakumpigania mtu yeyote, alilinda ofisi.

Tarehe 19 Machi 1947 Mahakama Kuu Kabisa ya Georgia iliamua, majaji 5 dhidi ya 2, kwamba Eugene Talmadge alikuwa amepata wingi wa kura, kwa hiyo Bunge halikuwa na mamlaka ya kuchagua mtu mwingine. Arnall alikuwa gavana halali mpaka alipojiuzulu, na madaraka yakaangukia kwa makamu. Herman alitoka ofisini. Sisi tulipofiwa na Rais Magufuli tarehe 17 Machi 2021, ibara ya 37(5) ya Katiba ilieleza bila utata nani anafuata, na Samia Suluhu Hassan akaapishwa tarehe 19. Sentensi moja iliyoandikwa vizuri ilitosha.

Lakini angalieni uamuzi ule wa Georgia haukugusa nini. Haukugusa pointi za kaunti. Kura 313,389 za Carmichael zilibaki zimeshindwa na 297,245, na hakuna mahakama iliyoulizwa habari zake katika kesi ile. Herman Talmadge alirudi Septemba 1948, akamshinda Thompson katika kura za maoni kwa mfumo uleule, akatawala mpaka Januari 1955, na baadaye akakaa katika Seneti ya Marekani kuanzia 1957 hadi 1981. Mwaka 1950 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuingilia mfumo wa pointi. Ilibidi kusubiri mahakama ya shirikisho iuzuie mwaka 1962, na Mahakama ya Juu yenyewe iubatilishe tarehe 18 Machi 1963, katika kesi ya Gray dhidi ya Sanders, ambapo uzito wa mkazi wa Echols mbele ya wakazi 99 wa Fulton ulijadiliwa hadharani.

Mwaka huohuo wa 1962, katika kaunti ya Quitman, mkulima wa karanga aliyegombea Seneti ya jimbo aliporwa ushindi katika kura za maoni. Gazeti lilelile la Atlanta Journal lilimtuma mwandishi wake, na katika orodha za kituo wakakutwa tena marehemu, na tena wapiga kura waliojipanga kialfabeti. Safari hii mgombea alikwenda mahakamani, matokeo yakatenguliwa, naye akaingia Seneti. Jina lake ni Jimmy Carter, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani.