Siku moja maishani mwangu kwenye maabara ya magonjwa ya kuku

Saa 1 asubuhi. Begi bado liko mgongoni nishafika kwenye inkubeta, kila siku naanzia hapo. Leo nasubiri vitu viwili, pleti za MacConkey (visahani vya chakula cha kuoteshea bakteria) za broila walioletwa juzi, na tyubu ya agari laini, chakula cha bakteria kama jeli, niliyoidunga jana, hiyo inatoka kwenye ini la kuku wa mayai. Pleti zimejaa koloni za pinki, yaani vifundo vya bakteria, E. koli, nilitegemea. Tyubu ndo imenisimamisha. Nilichoma sindano katikati wima, na bakteria wameota kwenye ule mstari tu, pembeni kweupe kabisa. Nilishuku Salmonela, na Salmonela nyingi zina flajela, ile mikia ya kuogelea, zingekuwa zimeshatia ukungu tyubu nzima. Hii haina mkia.

Saa 2. Tone la antisera ya O9, kingamwili zinazoshika alama ya O9 kwenye ngozi ya bakteria, naliweka kwenye slaidi, nachanganya na bakteria wa tyubu, sekunde chache tu wameshikana vipunje. Antisera za mkia, kimya. Ukiongeza na lile ini lililovimba lina rangi ya shaba, mimi nishajua ni taifodi ya kuku, Salmonela Galinaramu, ila nimeweka na vipimo vya sukari kuitenganisha na ndugu yake Pulorumu, maana naye hana mkia. Watu wengi wanadhani bakteria asiyeogelea ni mnyonge. Hapana jamani. Ile protini ya mkia ndo kengele, kuku ana kipokezi kinaitwa TLR5 kwenye seli zake, kikiigusa tu mwili unaita ulinzi. Sasa huyu hana cha kugusa, anapita utumboni bila vurugu kubwa halafu anaenda kujificha kwenye ini na wengu, ndani ya seli zilezile zilizotakiwa zimmeze.

Saa 4. Imekuja mizoga mitano, broila wa wiki nne, banda lilelile la juzi. Tunailowesha manyoya kwanza vumbi lisiruke, kisha makasi. Ukifungua kifua unakuta moyo umefunikwa na utando mzito mweupe wa njanonjano, ini nalo hivyohivyo, na mifuko ya hewa ambayo inatakiwa ing'ae kama nailoni imekuwa na ukungu na mabonge. Kolibasilosisi, ugonjwa wa E. koli. Nimeona mingi sana lakini bado inaniuma, kuku mzima kabisa kwa nje, ana nyama yake vizuri.

Mwanafunzi wetu wa fildi akauliza, "Daktari, si E. koli ipo kwenye utumbo wa kila kuku, mbona wengine hawafi?" Nikaweka makasi chini kabisa maana hilo ndo swali lenyewe.

Nikamwambia angalia juu ya ngozi ya bakteria mwenyewe. Anatoka kwenye kinyesi, anaingia na vumbi puani. Kwenye koo la hewa kuna vinyweleo vinavyofagia uchafu kurudisha juu, ila amonia ya banda ikivichoma hakuna anayefagia. Hapo anatoa nyuzi zake, fimbria za aina ya 1, zinang'ang'ania sukari ya manosi iliyoko kwenye seli za koo. Akishuka kwenye mifuko ya hewa mara nyingi anazirudisha zile na kutoa nyingine, fimbria za P, yaani anabadilisha nguo kulingana na mahali alipo. Na kwenye mifuko ya hewa kuku ana seli chache sana za ulinzi, ndo maana hapo anazaliana bila shida. Akiingia kwenye damu kinachombeba ni kapsuli, lile koti lake la nje, baadhi wana ile ya K1 ambayo imetengenezwa kwa sukari inayofanana na ya mwili wa kuku mwenyewe, ulinzi unamwona kama mtu wa nyumbani. Chini yake kuna LPS, molekuli za sukari na mafuta kwenye ngozi yake, minyororo yake mirefu inazuia protini za damu zisimtoboe, na kile kipande chake cha mafuta ndo kinawasha uvimbe. Ule utando juu ya moyo umetoka kwa kuku mwenyewe, ni mwili wake ukijitetea.

Saa 7 kula, saa 8 tumerudi.

Nikamwonyesha kwa macho. Bakteria wa juzi niliowaotesha kwenye brothi bila kutikisa, tone moja na damu ya simbilisi, damu ikaganda mabonge. Tone la pili hivyohivyo ila tumetia manosi, ikabaki laini, kwa sababu nyuzi zimeshashikwa na sukari tuliyotia hazina nafasi tena ya kushika damu. Akarudia mwenyewe mara tatu.

Saa 9 nikampigia mwenye banda. "Daktari, nimeshawapa dawa aina mbili na bado wanakufa, si nichanje tu?" Nikamwambia mama, chanjo nyingi zimejengwa juu ya aina fulani za O, yaani alama za ngozi ya bakteria, kama O78, na huyu wako tumempima na antisera za O1, O2 na O78 hakuna aliyeitika, kwa hiyo usitegemee hiyo. Dawa ya tatu usinunue kabla pleti ya dawa, inayoonyesha dawa gani inamzuia, haijasomwa kesho. Leo fungua hewa, toa maranda yaliyolowa, wewe mwenyewe ukiingia macho yakiwasha ujue koo la kuku linaungua. Akanyamaza kidogo, akasema yanawasha tangu wiki iliyopita.

Saa 11 jioni pleti za mizoga ya leo zimeingia inkubeta, nyuzi 37, lebo kaandika mwanafunzi. Nafunga mlango simu inaita tena, mama anauliza maranda aliyoyatoa ayaweke wapi. Mbali na banda mama, upande ambao upepo hauyarudishi, na uyafunike.