Siku mama alipoitafuta Kitonga angani

Kama umekulia Tukuyu na unaishi Dar, safari ya basi huhitaji kusimuliwa. Mnatoka Mbeya saa 12 asubuhi, Makambako, Mafinga, Iringa, Kitonga, Mikumi, Morogoro, Ubungo mnaingia usiku miguu imevimba viatu vinabana. Kilomita zaidi ya 800 hizo. Mama yangu aliipiga safari hiyo miaka na miaka, na kila basi likifika Kitonga, ule mteremko mkali wa kona, lazima apige simu, "baba tuko Kitonga, tunaanza kushuka," halafu anakata, anafumba macho anasali mpaka wafike chini Ruaha Mbuyuni.

Baadaye mgongo ukamkatalia. Akaambiwa hospitali habari ya kukaa kwenye siti kutwa nzima aachane nayo. Mwanangu wa kwanza akazaliwa 2013 na bibi yake akawa anamjua kwa picha za kwenye simu tu, na hilo lilikuwa linaniuma kuliko nilivyokuwa namwambia mtu yeyote.

Sasa fastjet, shirika la ndege la nauli nafuu, walikuwa wameanza Novemba 2012, kwanza Mwanza na Kilimanjaro, zile Airbus A319 zenye kasuku mkiani. Tangazo likasema nauli kuanzia 32,000 kabla ya kodi, watu mtaani wakabisha sana, ndege kwa hela hiyo haiwezekani. Ila utaratibu wao ulikuwa unaeleweka kabisa, ukikata tiketi mapema unapata ya chini, ukingoja siku za mwisho inapanda, begi la kwenda chini ya ndege unalilipia lenyewe. Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, nao ulikuwa mpya, na mwishoni mwa 2013 wakaongeza Mbeya. Niliposikia tu nikajua hii ni ya mama.

Nikakata tiketi mbili za Juni 2014, miezi miwili kabla, nikalipa kwa simu. Kwenda nikapanda basi, kurudi nikarudi naye.

Siku yenyewe tulitoka nyumbani alfajiri, baridi ile ya Tukuyu ya mwezi wa sita, mama kajifunga vitenge viwili na sweta juu. Nilishamwambia begi ni moja, tumelipia moja. Akaniitikia vizuri tu. Kumbe kwenye buti la teksi kuna begi, na kuna kiroba cha ndizi za kupika, na chini ya ndizi kuna mchele wa Kyela, na kwenye kapu la mkononi parachichi zimefungwa moja moja kwenye gazeti. Nikamwambia mama hivi vyote haviendi. Akasema, "mimi siwezi kwenda kumuona mjukuu mikono mitupu, kama haviendi na mimi siendi." Na alikuwa anamaanisha, namjua.

Pale kaunta dada wa mizani wala hakutufukuza, akatuacha tupange upya. Basi tukafungua kila kitu sakafuni, mama kapiga magoti anachomoa nguo zake kwenye begi anaingiza mchele, nguo akazivaa, yaani gauni juu ya gauni, ndizi tukazikata vichane vinne vikaingia, vingine akampa dereva wa teksi aliyekuwa bado hajaondoka. Parachichi akazishika mwenyewe. Begi likapanda mizani likakubali. Mama akamshika yule dada mikono yote miwili, "ndaga fijo mwanangu," yaani asante sana, dada wa watu akabaki anacheka maana Kinyakyusa hajui.

Ngazi za ndege alipanda taratibu, mkono mmoja bombani, mwingine begani kwangu. Nikamfunga mkanda, nikamkalisha dirishani. Ndege ilipokimbia akanishika mkono kwa nguvu mpaka pete yake ikaniacha alama. Halafu tukawa juu ya mawingu na jua linawaka, akakaa kimya muda mrefu sana.

Akaniuliza, "Kitonga bado?"

Nikamwambia mama huku hatupiti Kitonga, tuko juu. Akasema anajua tuko juu, ila barabara si iko chini, tukifika usawa wa Kitonga nimwambie. Mawingu yakaachana kidogo akabandika uso kwenye kioo anaitafuta barabara, anaona milima, anaona mto kama uzi. Sikujua tuko usawa wa wapi. Akasema basi kama hujui ngoja nisali njia nzima, na kweli akasali njia nzima, midomo inatembea, parachichi mapajani. Haikufika hata saa moja na nusu, tukawa tumetua Dar. Akauliza, "tumefika? Hata mgongo haujaanza?"

Nyumbani mtoto alimkimbia mara ya kwanza. Mara ya pili akapewa parachichi akakaa.

Baada ya hapo alikuja mara nne kwa ndege hiyohiyo. Mara ya tatu alikuja peke yake kabisa, mimi kazi yangu ikawa kumpokea tu. Wajukuu wakawa watatu na wote wanamjua bibi, wanajua hadi harufu ya kitenge chake. Desemba 2018 mamlaka ya anga ikatoa notisi ya siku 28 kwa fastjet, habari za madeni na ndege kupungua, tukaingia 2019 hawaruki tena. Miaka sita tu. Ndege nyingine zilikuwepo ila kwa hali yangu ya mwaka ule nauli niliyoiona sikuiweza, na nilimwambia mama asubiri nijipange.

Hakusubiri. Mdogo wangu alipojifungua mwaka huohuo, siku moja mchana saa saba na kitu niko kazini simu ikaita, nasikia muungurumo wa basi na watu wanaongea nyuma yake.

"Baba, tuko Kitonga. Tunaanza kushuka."