Kabla hujafunga tela nyuma ya pikapu, soma stika ya mlangoni

Baridi ikianza kukatika huku Colorado, swali ninaloulizwa sana na ndugu zetu wa Denver na Aurora ni hili: "Kaka, pikapu ninayo, na tela la kulala nimeliona linauzwa bei nzuri. Litavutika?"

Naelewa kabisa linatoka wapi. Familia zetu ni kubwa. Ukienda Yellowstone mwezi wa Julai na watoto wanne, chumba kimoja cha hoteli hakiwatoshi, na bei ya viwili inakufanya ughairi safari. Mama mkwe aliyekuja kutembea kutoka Moshi huwezi kumlaza kwenye hema, na usiku anahitaji choo karibu. Tela linamaliza yote hayo: vitanda, jiko, friji, maji ya kuoga. Unapika ugali wako, unachemsha chai ya tangawizi, watoto wanalala panapoeleweka. Tena iko kambi moja ndani ya Yellowstone, Fishing Bridge, ambapo hema haziruhusiwi kabisa kwa sababu ya dubu, wala tela lenye kuta za turubai. Ni lenye kuta ngumu tu. Kwa hiyo mimi simkatazi mtu kununua tela. Namwomba tu, kabla hajatoa hela, aende akafungue mlango wa dereva wa pikapu yake.

Mimi kazi yangu huku ni kuendesha malori, na kabla ya kuja nilikuwa utingo kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma. Waliopita njia ile wanaijua mizani ya Mikese. Lori linapanda, ekseli baada ya ekseli, na hata kama uzito wa jumla uko ndani ya tani 56 za sheria ya Afrika Mashariki, ekseli moja ikizidi sana mnapanga mzigo upya mkiwa juani, na faini mnalipa. Tulikuwa tunanung'unika sana. Leo naiona faida yake, maana huku Marekani malori yanapimwa vilevile, lakini baba mwenye pikapu na tela la familia katika majimbo mengi anapita mizani bila kusimama. Leseni yake ya kawaida inamtosha. Hakuna anayemuuliza amepakia nini. Usalama wa wote walio ndani ya gari uko mikononi mwake peke yake, kwa hiyo ni lazima ajue hesabu.

Hesabu yenyewe haiko kwenye tangazo. Matangazo ya pikapu nyepesi, zile za daraja la F-150, Silverado 1500, Ram 1500 na Tundra, yanasifia uzito ambao gari linaweza kuvuta. F-150 iliyofungwa injini na vifaa vinavyotakiwa hutangazwa kuvuta zaidi ya pauni 13,000, karibu kilo 5,900. Namba hiyo si ya uongo. Watengenezaji wanafuata kipimo kimoja kinachoitwa J2807, na sehemu ya kipimo hicho inatokana na mlima wa Davis Dam kule Arizona, ambako gari linapandishwa na tela lake kwenye joto kali huku kiyoyozi kikiwaka. Ila namba hiyo ni ya gari lenye watu wawili na mzigo mdogo. Haiijui familia yako.

Inayokuhusu wewe ni ile ya stika ya njano kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Imeandikwa kwa kilo na kwa pauni, kwamba uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kiasi fulani. Pikapu mbili za jina moja na mwaka mmoja zinaweza kutofautiana kwa kilo mia mbili na zaidi, kwa sababu kila kilichoongezwa kiwandani, viti vya ngozi, paa la kioo, mfumo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne, kimekatwa kwenye kiasi hicho. Ndiyo maana jibu la rafiki yako mwenye pikapu kama yako halikusaidii.

Tuchukue stika inayosema kilo 680, kiasi cha kawaida tu. Baba kilo 85, mama 75, watoto watatu kwa pamoja 135. Hao ni 295, zimebaki 385. Sasa funga tela lenye uzito wa kilo 2,700 likiwa limepakiwa. Tela la namna hii haliburutwi tu. Mkono wake wa mbele unakaa juu ya gololi ya chuma iliyofungwa nyuma ya pikapu na kuikandamiza, na ili litulie barabarani mkandamizo huo unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa tela lote. Tuseme 13: kilo 351. Chuma chenyewe cha kuungia, kile chenye springi za kusambaza uzito, tukiweke kilo 40. Jumla 391. Tumeshapita kwa kilo sita, na hatujaweka mkaa, jenereta, baiskeli za watoto, wala sanduku la vinywaji nyuma ya pikapu. Na tela hilo halifiki hata nusu ya kile kinachotangazwa.

Hapo ndipo muuzaji atakwambia, "Lakini tela hili ni jepesi, angalia karatasi." Karatasi anayokuonyesha ni uzito wa tela tupu lilivyotoka kiwandani. Tangi la maji la galoni 40 likijaa ni kilo 150 peke yake. Ongeza betri, mitungi miwili ya gesi, masufuria, matandiko, mchele, nguo za watu watano, na umeshaongeza kilo mia kadhaa. Piga hesabu zako kwa namba iliyoandikwa GVWR kwenye kibandiko cha ubavuni mwa tela, yaani uzito wa juu kabisa ambao tela linaruhusiwa kufikia. Ukiona hesabu inakaa kwa namba hiyo, nunua kwa moyo mweupe. Isipokaa, tafuta tela fupi zaidi au pikapu ya daraja la juu yake. Kuongeza springi au mifuko ya hewa nyuma kutainyanyua pikapu ionekane imekaa sawa, lakini ile namba ya mlangoni haibadiliki.

Watu wengi wakisikia kwamba mkandamizo wa mbele unakula uzito wa pikapu, wanakimbilia kuhamishia mizigo nyuma ya tela. Tafadhali usifanye hivyo. Aliyewahi kusukuma mkokoteni anajua: ukirundika magunia nyuma ya gurudumu, mikono inanyanyuka na mkokoteni haukusikilizi tena. Tela nalo, mbele kukiwa kwepesi, linaanza kuyumba kushoto na kulia, kila mwendo mpana kuliko uliotangulia, mpaka linaikamata pikapu na kuizungusha. Upepo wa pembeni unaweza kulianzisha, au lori kubwa linalokupita, au mteremko ulioingia kwa kasi. Likianza, mkono wako usiguse usukani kwa pupa, na mguu usikanyage breki. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, kisha kwa mkono bonyeza kidogo kidogo kile kitufe cha breki za tela peke yake. Tela likijifunga breki lenyewe linajivuta nyuma na kunyooka. Kitufe hicho uwe umeshakijaribu kwenye uwanja mtupu, kidole kijue njia bila macho.

Breki za tela zinaendeshwa na umeme kupitia plagi ya pini saba, na ndani ya pikapu kuna kidhibiti cha kuzirekebisha nguvu, ndicho chenye kile kitufe. Pikapu nyingi za miaka ya karibuni zinakuja nacho. Za zamani unafungiwa. Majimbo mengi, Colorado ikiwemo, yanadai tela linalozidi pauni 3,000 liwe na breki zake. Uko pia waya mwembamba unaounganisha tela na pikapu: tela likichomoka, waya unachomoa pini na breki za tela zinajifunga zenyewe kwa betri yake. Nimeona watu wanauzungushia kwenye minyororo ya usalama. Huo ni kuufanya usiwe na kazi. Uufunge kwenye chasisi ya pikapu, peke yake, na minyororo uipishanishe chini ya mkono wa tela ili ukichomoka uangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba lami.

Sasa milima, maana ukiishi Denver huna namna ya kuikwepa. Mji uko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Ukishika barabara kuu ya I-70 kwenda magharibi, handaki la Eisenhower liko kama mita 3,400. Injini ya petroli isiyo na turbo inapoteza takribani asilimia tatu ya nguvu kila unapopanda mita 300, kwa hiyo pale juu imebaki na theluthi mbili hivi ya nguvu yake ya pwani. Yenye turbo inastahimili zaidi. Kupanda si hatari sana, unakaa njia ya kulia na malori na unakwenda taratibu. Kazi iko kwenye kushuka upande wa pili kuelekea Silverthorne. Kuna njia za dharura zilizojazwa kokoto kwa ajili ya malori yaliyoishiwa breki, na harufu ya breki zinazoungua utaisikia hata ukiwa umefunga vioo. Wale madereva wa mlima Kitonga walionifundisha kazi walikuwa na sheria moja: gia ya kushukia inachaguliwa juu, kabla mlima haujaanza. Pikapu ya gia za otomatiki ina kitufe cha kuvutia mizigo. Kibonyeze ukiwa juu, acha injini ishikilie, na breki uikanyage kwa nguvu kwa muda mfupi ili mwendo upungue, kisha uiachie ipoe. Usiiegemee mteremko mzima.

Ukielekea kaskazini, adui ni upepo. I-80 ya Wyoming kati ya Laramie na Rawlins inafungwa mara nyingi kwa magari mepesi yaliyo marefu kwenda juu, na tela tupu ni mojawapo. Ubao ukiwaka kwamba mmezuiwa, geuza uingie mjini ukalale. Hata kama haujawaka, ukiona malori yamejipanga pembeni kwenye maegesho, madereva wale wanajua kitu. Kambi uliyolipia itakusubiri, au utapoteza dola zako arobaini, hakuna shida.

Mwendo wenyewe nashauri usizidi maili 65 kwa saa, kilomita 105 hivi. Matairi mengi ya tela ya miaka ya nyuma yalitengenezwa kwa ukomo huo, na California tela lolote linatakiwa lisizidi maili 55. Matairi ya tela huchakaa kwa umri kabla kashata haijaisha: soma tarehe ya kutengenezwa ubavuni, namba nne, wiki na mwaka. Tela la mtumba lenye matairi ya miaka saba, hata yaking'aa, nunua mapya kabla ya safari. Upepo upime asubuhi tairi likiwa baridi. Na watoto wasipande ndani ya tela likiwa linakwenda, hata wakilia kwamba wanataka kulala kitandani. Sehemu nyingine sheria inakataza, na hata isipokataza, mle hamna mikanda ya kumshika mtu.

Kurudi nyuma kunawatisha wengi kuliko milima, bila sababu. Weka mkono chini ya usukani. Unakotaka nyuma ya tela iende, peleka mkono huko huko, kidogo kidogo. Mwenza wako asimame mahali unapomwona kwenye kioo. Mkeo akikwambia simama, simama; yeye ndiye anayeona mti.

Baada ya kununua, kabla ya safari ya kwanza ya maana, pakia kila kitu kama mnaondoka kweli, maji, watu wote, mafuta tangi limejaa, kisha nenda kwenye kituo cha malori chenye mizani iliyoandikwa CAT Scale. Ni ya kulipia, dola kumi na kitu. Tairi za mbele za pikapu zikae kwenye bamba la kwanza, za nyuma la pili, za tela la tatu. Utapewa karatasi yenye namba tatu. Kisha fungua tela, pima pikapu peke yake na watu wale wale. Tofauti ya uzito wa pikapu kabla na baada ya kufunga tela ndiyo uzito ambao tela linaiongezea pikapu kweli, na uzito wa kila ekseli utaulinganisha na kibandiko cha mlangoni, kile kingine kinachoonyesha ukomo wa mbele na wa nyuma.

Nati za magurudumu ya tela uzikaze upya kwa spana ya kipimo baada ya maili 50 hadi 100 za kwanza, hasa kama matairi yamebadilishwa. Beringi zifunguliwe na kupakwa grisi kila mwaka. Na kabla theluji haijaanza, mwaga maji yote kwenye mabomba, weka ile dawa ya rangi ya waridi ya kuzuia barafu, maana bomba la plastiki lililoganda usiku mmoja wa Oktoba utaligundua Mei, mkiwa mmeshafika kambini. Mwenye pikapu ambaye hesabu zinamchanganya anitumie picha ya stika ya mlangoni, picha ya kibandiko cha tela, na uzito wa watu wa nyumbani kwake. Nitakaa nazo jioni na kumjibu kabla hajasaini chochote.